Kununua chakula kwa bei nafuu Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayepika Mwanza na kulipia mwenyewe anachopika. Bei za leo sijaziandika, kwa sababu kufikia wiki ijayo zitakuwa zimebadilika. Nimeandika kinachozipandisha na kinachozishusha, maana anayekijua hicho haulizi tena "leo bei gani?" kwa wasiwasi. Maswali ya dagaa na samaki yamechukua nafasi kubwa, kama inavyopaswa kuwa kwa watu wanaoishi kando ya ziwa.

Ni mgeni Mwanza. Nianzie soko gani?

Angalia kwanza mzigo unaingia mjini kwa njia ipi. Barabara ya Musoma inapita Kisesa na Igoma, kwa hiyo mazao ya Magu na vijiji vya upande huo hufika Igoma kabla ya kufika katikati ya jiji. Barabara ya Shinyanga inapita Usagara na Buhongwa, nayo huleta vya Misungwi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la Sengerema au Geita linapita juu ya maji bila kusubiri kivuko, na mananasi ya Geita hayakai tena foleni yakiivia garini. Upande wa mjini kuna pantoni ya Kamanga, ambako akina mama wa ng'ambo hushuka na mizigo yao kichwani.

Kila mzigo unaposhushwa na kupakiwa upya kuna wa kulipwa: mbebaji, mwenye guta, mwenye stoo, mchuuzi wa pili, mchuuzi wa tatu. Mboga uliyoikuta Buhongwa imepita mikono michache kuliko uliyoikuta genge la karibu na ofisi yako mjini. Ndiyo sababu masoko ya pembezoni huwa na bei nzuri zaidi, na hakuna uchawi wowote ndani yake.

Lakini kama unakaa Kirumba na unataka nyanya za mchuzi wa leo tu, nunua gengeni kwako. Nauli ya kwenda na kurudi itameza unafuu wote. Safari ya mbali inalipa pale unapokwenda na orodha ya wiki.

Niende saa ngapi?

Wanaosema "biashara asubuhi, jioni mahesabu" wamekueleza kila kitu. Asubuhi mapema mzigo ni mpya, unachagua utakacho, na anayeuza kwa jumla bado hajagawa. Hapo ndipo pa kununua kwa wingi. Jioni muuzaji yuko kwenye mahesabu: mchicha, matembele, nyanya zilizoiva sana na ndizi mbivu akilala nazo, kesho hazina mnunuzi. Kuanzia kama saa kumi na moja utasikia mafungu yakiunganishwa, mawili kwa bei ya moja, "malizia, dada, malizia!"

Usisubiri jioni kwa vitunguu, viazi, mchele wala maharage. Hivyo haviozi usiku mmoja. Muuzaji atavifunika turubai aende zake nyumbani, na bei ya kesho ni ileile.

Kuna na saa isiyo na ratiba: mvua ikianza kudondoka alasiri, wanunuzi hukimbia na wauzaji hubaki na mboga. Mwenye mwavuli hula vizuri siku hiyo.

Nitajuaje dagaa wazuri wa bei nzuri?

Nenda Mwaloni, Kirumba. Hapo ndipo dagaa wa visiwani na wa mialo ya kandokando, yaani maegesho ya mitumbwi, hukusanyika, na wanunuzi hutoka mpaka Kongo, Rwanda na Burundi. Gunia linalopakiwa kwenye lori la safari ndefu na kopo lako wewe hutoka kwenye lundo moja.

Usianze kwa kuuliza bei. Anza kwa mkono. Chota dagaa kidogo, uwaache wadondoke taratibu kutoka juu. Waliokauka vizuri hutoa mlio mwembamba wa kitu kikavu na hudondoka mmojammoja. Wenye unyevu hudondoka kwa vipande, wameshikana. Kisha vunja mmoja. Akikatika tap, amekauka. Akipinda, unanunua maji, na nyumbani ataota ukungu. Tazama rangi: mzuri anang'aa kama fedha, na magamba membamba hubaki kwenye kiganja chako. Aliyegeuka kahawia alianikwa siku isiyo na jua au alinyeshewa. Halafu onja. Hakuna muuzaji wa Mwaloni atakayeshangaa ukionja. Meno yakikutana na mchanga, ujue walianikwa chini ufukweni. Walioanikwa juu ya chanja hawana mchanga, na tofauti yao ya bei ni ya haki, kwa sababu hutamaliza maji ya ndoo ukiwaosha.

Dagaa wa kahawia huuzwa chee sana. Hao wengi huenda kwenye chakula cha kuku. Ukiwa na kuku, nunua. Kwa ajili ya sufuria yako, wapite.

Kwa nini wiki moja dagaa ni rahisi na wiki nyingine wamepanda?

Sababu ni mwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola. Dagaa hufuata mwanga, na wavu huwakuta wamejikusanya. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haina nguvu, na mitumbwi mingi hupumzika kwa wiki moja hivi, wakati mwingine zaidi. Mzigo unapungua, bei inapanda. Giza likirudi, mitumbwi inarudi majini, na siku chache baadaye mwalo umejaa.

Kwa hiyo ukitoka nje usiku ukaona mwezi unakaribia kujaa, nunua dagaa wa kukutosha kabla haujajaa. Ukikuta umeshajaa, kula maharage. Ongeza hapo na hali ya jua: kukiwa na giza zuri la kuvua lakini mvua inanyesha kutwa, dagaa watakuwa wengi na wabaya. Giza usiku na jua kali mchana, hiyo ndiyo wiki ya kubeba mfuko mkubwa.

Napenda sana jambo hili. Kuna bidhaa chache duniani ambazo bei yake unaweza kuisoma kwa kutazama juu.

Na samaki wabichi? Sato na sangara jioni si wanashuka?

Wanashuka, ila samaki wa jioni anataka macho yako zaidi ya mfuko wako. Fungua shavu: matamvua yawe mekundu, yasiwe ya kahawia wala kijivu. Jicho liwe safi na limejaa, lisiwe limezama na kuweka ukungu. Bonyeza mgongo kwa kidole. Nyama ikirudi, nunua. Shimo la kidole likibaki, mshukuru muuzaji uondoke. Uliza kama alikuwa kwenye barafu tangu asubuhi, na tazama barafu yenyewe ipo au amebakiwa na maji ya baridi.

Sato wa vizimba, yaani wanaofugwa ziwani, huwa na saizi zinazofanana na bei isiyoyumba sana, kwa hiyo nafuu kubwa usiitafute huko. Nafuu iko kwa sato wa ziwani siku ambayo mitumbwi imeingia mingi kwa pamoja.

Kwa sangara mzima, fahamu kwamba bondo, ule mfuko wa hewa ulio ndani ya tumbo, mara nyingi limeshatolewa. Mabondo huenda nje ya nchi kwa bei kubwa kuliko nyama yenyewe, hivyo usilipie kitu ambacho hakimo.

Na samaki wachanga usinunue hata wakitandazwa mbele yako kwa bei ya kutupa. Kisheria sato asiwe chini ya sentimita 25, na sangara asiwe chini ya sentimita 50. Sangara wa urefu wa kiganja ni wa mwakani aliyeletwa leo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu tunaolalamika kwamba samaki wamepanda bei ndio walewale tunaowanunua wakiwa wadogo.

Mapanki ni chakula cha watu kweli?

Ni chakula, na kizuri. Viwanda vya samaki vya Mwanza huchukua minofu ya sangara kwa ajili ya kusafirisha; kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, na nyama imebaki humo si kidogo. Kipimo ni kilekile cha samaki mzima: harufu, rangi, barafu. Wakiwa wabichi kweli, chemsha na ndimu, nyanya, kitunguu na pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Kichwa cha sangara kina mafuta mengi, kwa hiyo usiongeze mengine. Familia ya watu sita hushiba kwa pesa ambayo isingenunua sato wawili.

Waliokaa juani bila barafu, hata wakiongezewa chumvi na kukaangwa mbele yako, waache.

Nashushaje bei bila kumkera muuzaji?

Salimia kwanza. Mwanza ni Usukumani, "mwangaluka, mayu" ya asubuhi hufungua mlango ambao "hii bei gani?" haiwezi kuufungua. Kisha taja kiasi kabla ya kutaja pesa, maana anayechukua matatu anasikilizwa kuliko anayechukua moja. Mazungumzo huenda hivi:

– Mama, fungu la nyanya?
– Elfu moja.
– Nikichukua matatu?
– Elfu tatu, mwanangu.
– Nifanyie elfu mbili na mia tano, mama.
– Lete mbili na mia nane.
– Basi chukua elfu tatu yako kamili, uniongezee hoho moja na hizo karoti mbili.
– Haya, lete mfuko.

Hapo mwisho ndipo pa kujifunza. Nyongeza ni bora kuliko punguzo, na kwa wote wawili. Mia mbili anayopunguza ni mia mbili kamili kutoka kwenye faida yake. Hoho na karoti anazoongeza, yeye alizinunua kwa bei ya jumla, hivyo zinamgharimu kidogo kuliko zinavyokufaa wewe. Nawe umeondoka na kiungo ambacho ungekilipia meza inayofuata.

Nenda na noti ndogondogo. Anayekosa chenji hatakupunguzia, na anayetoa noti ya elfu kumi kwa fungu la elfu moja huonekana ana uwezo wa kulipa bei ya kwanza.

Usimlalie muuzaji ambaye mtaji wake wote uko kwenye sinia. Mama mwenye mafungu kumi ya mchicha hana pa kushukia. Bei kubwa za kujadili ziko kwa wenye magunia.

Ninunue kwa fungu, kopo, kisado au kilo?

Inategemea unanunua nini, lakini kila mara rudisha hesabu kwenye kilo. Kisado ni ndoo ya lita 4. Kwa hesabu, visado 5 vinajaza debe la lita 20. Ila kisado kinachojazwa mpaka kilele na kisado kinachosawazishwa kwa mkono ni vitu viwili. Tuseme kilo ya maharage dukani kwa Mangi ni shilingi 3,000, na kisado sokoni ni 9,000. Kisado kikitoa kilo tatu na robo, umelipa chini kidogo ya 2,800 kwa kilo, na umefanya vizuri. Kikitoa kilo mbili na nusu, umelipa 3,600, na Mangi alikuwa rafiki yako muda wote huo.

Geuza kopo utazame kitako. Lililobonyezwa kwenda ndani linakula haki yako. Huna haja ya kugombana. Nyooshea kidole kopo jingine, sema "nipimie kwa hili," na muuzaji mwenyewe ataelewa.

Kwa mafungu, angalia yaliyo chini. Mafungu ya viazi na nyanya hupangwa mazuri juu.

Kununua gunia na majirani kunalipa?

Kunalipa sana, hasa mpunga. Mpunga wa Magu, Misungwi na Sengerema huanza kuvunwa karibu Mei, na kati ya Juni na Julai bei huwa chini kabisa. Kufikia Februari hali ni nyingine. Badala ya kununua mchele, nunueni mpunga wenyewe mkakoboe: kilo 100 za mpunga hutoa kama kilo 60 mpaka 65 za mchele. Ongeza gharama ya mashine na usafiri, gawanya kwa kilo 60, linganisha na bei ya mchele sokoni. Msimu wa mavuno jibu mara nyingi huwa zuri, na pumba zinabaki kwa mwenye kuku.

Mambo mawili tu. Kwanza, pimeni gunia kwenye mzani, msikubali kuambiwa "hili ni la debe sita." Lumbesa, lile gunia lililoongezewa kichwa na kufungwa kwa kamba, imekatazwa, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Linamuumiza mkulima anayelipwa kama gunia moja, na nanyi mnaogawana linawaletea ugomvi. Pili, michango ikusanywe kabla ya safari na iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ujirani nao huenda hivyohivyo.

Msimu gani ni wa nini?

Katikati ya mwaka ni nafaka na viazi vitamu. Kiangazi kikikolea tafuta michembe na matobolwa: michembe ni viazi vilivyokatwa vikaanikwa vibichi, matobolwa huchemshwa kwanza. Ukinunua kwa kisado wakati huo, utakula na karanga au maziwa mpaka mvua zije. Kuelekea Krismasi na Januari ni maembe, na hapo usinunue moja moja, nunua ndoo. Ndizi za kupika hutegemea zaidi meli ya Bukoba, inayosafiri usiku na kufika Mwanza asubuhi. Siku ya meli, mkungu wa karibu na bandari na mkungu wa mtaani kwako havilingani bei. Kabla ya Ramadhani nunua mapema maharage na unga. Mwezi ukiandama, viazi, mihogo na ndizi hupanda.

Supamaketi kuna nafuu yoyote?

Kwa sabuni, tambi na vya makopo, ofa zipo. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu punguzo kubwa mara nyingi ni tarehe inayokaribia. Si vibaya kama utapika wiki hii. Mboga na matunda, nenda sokoni.

Ni kitu gani nisinunue hata kikiwa chee?

Karanga na mahindi yenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, na haionekani yote kwa macho. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au chungu mdomoni ziache, na usizichukue "za kusaga," kwa sababu siagi ya karanga inaficha kila kitu. Hapa sina mjadala na mtu.

Mume wangu anasema napoteza muda kwa kuokoa shilingi mia tano. Nimjibu nini?

Mwambie aende nawe siku moja. Shilingi mia tano ni sehemu ndogo ya furaha yenyewe. Furaha ni kusimama Mwaloni asubuhi, mama mwenye dagaa amenyanyua viganja viwili vilivyojaa, magamba yamemng'ang'ania mpaka kwenye viwiko, nawe unajua, bila kuambiwa, kwamba hawa ni wa jana usiku, wamekauka juu ya chanja, na mwezi bado ni mchanga kwa hiyo kesho watakuwepo wengine. Unajua anauza kwa shilingi ngapi kwa haki, naye anajua kwamba unajua. Anapima, halafu anarudisha mkono kwenye lundo anakuongezea bila kuombwa. Ule mkono wa pili hauuzwi popote.

Tena ni kazi ya akili. Anayesema "ni kopo la dagaa tu" hajawahi kubeba kichwani hesabu ya mwezi, mvua, nauli, msimu na watoto watano wanaotaka kula saa mbili usiku.

Nibebe mfuko gani?

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilikatazwa tangu 1 Juni 2019, na mbadala wake unauzwa kila unaponunua. Beba kikapu cha ukindu kwa mboga, kiroba kisafi kwa nafaka, na ndoo yenye mfuniko kwa samaki ili majirani wa kwenye daladala wasikuchukie.

Nimenunua kingi. Nitatunzaje kisiharibike?

Dagaa waanike tena nusu siku juani hata kama muuzaji ameapa wamekauka, watoe vichwa ukipenda, wakipoa ndipo uwatie kwenye ndoo inayofunga. Wakifungwa wakiwa na joto hutoa jasho. Nyanya za jioni zilizoiva sana zisagwe usiku uleule, zichemshwe mpaka maji yakauke, zikae kwenye friji au zikaangwe na mafuta. Maharage na mahindi yaanikwe, yapozwe, yafungwe yasipate hewa. Mifuko ya kuhifadhia nafaka yenye tabaka za plastiki ndani huua wadudu kwa kukosa hewa, bila dawa. Mchele usiuweke chini sakafuni karibu na ukuta, weka ubao chini yake. Samaki wabichi, kama huna friji, wapake chumvi na ndimu ukaange siku hiyohiyo. Aliyekaangwa akakauka vizuri atakufikisha kesho, na kesho utamrudishia kwenye nazi.